Mbuzi Mpya ya Nazi: Jiko Kwanza, Karakana Baadaye

Mada hii ilitolewa na mwanachama wetu, fundi mitambo, mbele ya mkutano mkuu wa mwaka wa umoja wetu jijini Dar es Salaam. Tunaichapa katika kijarida hiki cha harambee ili kila mchangiaji ajue fedha yake inakwenda wapi na kwa utaratibu gani.



Kamati imeniomba nieleze mradi uliopendekezwa mwaka huu, yaani kubuni mbuzi mpya ya kukunia nazi, ya matumizi ya nyumbani, ambayo hatimaye vijana wetu wataitengeneza pale Kilindoni na kuiuza pwani nzima. Najua wengi mmekuja mkitegemea kusikia habari za karakana: jengo litakuwa na ukubwa gani, mashine zitakuwa ngapi, na nani atakuja kukata utepe. Hayo yana wakati wake. Mimi leo nawaombeni fedha ya jambo ambalo halipigwi picha wala haliwekewi jiwe la msingi. Nawaombeni fedha ya kujaribu. Nitaeleza kwa nini naiweka mbele ya matofali.

Kazi tunayotaka kuipunguzia uzito

Mafia ni nazi. Wali, mchuzi, futari, maharage, vitumbua, vyote vinapitia kwenye tui, na tui linapitia kwenye mbuzi. Mbuzi yetu ni chombo cha akili sana. Ni mbao mbili zinazokunjwa, chuma chenye meno mbele, na uzito wa mkunaji mwenyewe ndio unaoishikilia isiondoke. Haitaki umeme wala mafuta, na ikiharibika fundi seremala yeyote anaitengeneza. Hatuko peke yetu. Watu wa Thailand wanacho chombo cha namna hii hii, cha kukalia na kukunia, na wao wanakiita sungura.

Lakini ina gharama zake. Anayekuna anakaa chini karibu na ardhi, mgongo umeinama, mkono mmoja unazungusha kifuu juu ya meno ya chuma. Nazi moja ya mchuzi si neno. Ila mwulizeni aliyekuna nazi za harusi au za hitima, tangu alfajiri, viganja vimechanika na kiuno hakinyooki. Na bibi zetu waliofika umri ambao magoti hayakunji tena wanalazimika kumsubiri mjukuu atoke shule ndipo tui lipatikane. Chuma chenyewe mara nyingi ni cha kawaida, nasi tunaishi kwenye hewa ya chumvi. Kinashika kutu, na kutu inaingia kwenye chakula.

Mashine za mota za sokoni zipo, tunaziona hapa Dar es Salaam. Zinakuna haraka. Lakini nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya mfanyabiashara anayekuna nazi za wateja siku nzima. Hazikukusudiwa mama mwenye nazi mbili. Meno yanazunguka wazi, kifuu kinashikwa kwa mkono mtupu, na kidole kikiteleza hakuna cha kukizuia. Katikati ya mbuzi ya kukalia na mashine ya sokoni kuna nafasi. Mradi wetu ni kuijaza nafasi hiyo.

Wenzetu walianzia wapi

Chombo cha jikoni ni rahisi kukichora na ni vigumu kukifanya kikubalike. Nitatoa mifano miwili.

Wa kwanza ni Japani. Mara baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kampuni changa ambayo baadaye dunia iliijua kwa jina la Sony ilijaribu kutengeneza chombo cha umeme cha kupikia wali. Kilikuwa ndoo ya mbao yenye vipande vya alumini chini yake. Wali ulitoka mgumu au bokoboko kutegemea mchele na kipimo cha maji, na chombo kikashindwa kuuzika. Wale hawakuwa watu wajinga. Miaka michache baadaye redio zao zilizunguka dunia. Kilichowashinda ni wali.

Kisha Toshiba. Mtu wao wa mauzo, Shogo Yamada, alizunguka akiuza mashine za kufulia, na akina mama wakamwambia kwamba kazi inayowachosha zaidi ni kupika wali kwenye jiko la kuni mara kwa mara kila siku. Yamada aliikabidhi kazi hiyo kwa karakana ndogo ya Yoshitada Minami. Aliyefanya majaribio ni mke wake, Fumiko. Alipika, akapima joto, akaandika, akapika tena, kwa miaka kadhaa. Waligundua kwamba wali huiva vizuri ukichemka kwa moto mkali kwa dakika 20 hivi. Wakatafuta njia ya kuuzima moto bila mtu kusimama kuangalia: maji kidogo kwenye chungu cha nje, yakikauka joto linapanda kupita nyuzi 100, na kipande cha metali mbili kinajipinda na kukata umeme. Chombo kikaingia sokoni Desemba 1955, na ndani ya miaka michache kilikuwa kitu cha kawaida katika nyumba za Wajapani.

Fedha na muda mwingi viliishia kwenye kupika kabla ya mauzo kuanza. Kampuni zote mbili zilikuwa na umeme na mafundi. Tofauti ni kwamba mmoja wa watafiti wa Toshiba alikuwa mpishi.

Mfano wa pili uko jirani. Mwaka 1981 Nairobi iliandaa mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya nishati mpya na jadidifu, na katika miaka iliyofuata likazaliwa jiko la mkaa la bati lenye udongo wa kuchoma ndani, ambalo leo linajulikana Afrika Mashariki nzima. Hapa Tanzania tuliliita jiko bora. Wazo la udongo ndani lilitoka kwenye jiko la ndoo la Thailand, lakini halikunakiliwa lilivyo. Ya awali yalipasuka udongo, mengine hayakukaa imara wakati wa kusonga ugali. Wapishi walisema, mafundi wakabadilisha, hadi likapata lile umbo la kiuno chembamba, pana juu na chini. Na waliolitengeneza ni mafundi wale wale wa jua kali waliokuwa wakitengeneza jiko la bati la zamani. Mwanzoni lilikuwa ghali. Watengenezaji walipokuwa wengi bei ikashuka.

Kwa hiyo mradi wa chombo cha jikoni unaanza jikoni, unarudi kwa fundi, unarudi tena jikoni, na safari hiyo inahitaji bajeti yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na kwa kuwa wengi wetu wanaume tulioko kwenye kamati hii hatukai kwenye mbuzi, basi tusijifanye ndio waamuzi wa mbuzi.

Karatasi moja kabla ya mchoro

Kabla fundi hajakata chuma, tutaandika karatasi moja ya mahitaji. Kila sharti liwe la kupimika, ili baadaye tusibishane kwa maneno. Rasimu yake ni hii:

Mtumiaji akae kwenye kiti au asimame. Asilazimike kukaa chini.

Ifanye kazi kwa mkono. Si kila nyumba ina umeme, na penye umeme hukatika. Mota iwe nyongeza ya baadaye kwa anayetaka.

Ikune nazi ndogo na kubwa bila kubadilisha meno, na isifike kwenye ngozi ya kahawia, kwa sababu tui likiwa na weusi mama hatalitaka.

Chicha iwe laini kama ya mbuzi ya zamani, na tui lisipungue. Tutakuna nazi za ukubwa mmoja kwa vyombo vyote viwili, tupime kwa mizani na kwa kikombe.

Kila kinachogusa nazi kiwe chuma kisichoshika kutu, kile mafundi wanachokiita stenlesi. Kifunguke bila bisibisi, kioshwe kwa maji na sabuni. Mabaki ya nazi yakijificha kwenye upenyo yanachacha na kuita sisimizi.

Kuwe na kizuizi kati ya vidole na meno. Sharti hili halina mjadala wa bei.

Fundi baiskeli wa kijijini aweze kuitengeneza kwa spana alizonazo. Kama inahitaji kipuri cha kuagiza, tumekwama kabla hatujaanza.

Kisha bei. Hapa ndipo miradi mingi inapokwenda kinyume. Watu wanatengeneza kwanza, halafu wanajumlisha gharama, halafu wanashangaa hakuna mnunuzi. Sisi tutaanza na bei ambayo mama yuko tayari kulipa, tushuke kurudi nyuma. Nichukue mfano wa hesabu tu, si bei iliyoamuliwa. Tuseme mnunuzi atalipa shilingi 40,000. Mwenye duka achukue 8,000. Kufunga na kusafirisha, 3,000. Akiba ya kurekebisha zitakazorudi na kasoro, 2,000. Faida ya kuendeshea mradi, 5,000. Zimebaki 22,000 za chuma, mbao, kazi ya fundi na kodi ya banda. Fundi akileta mchoro unaohitaji 30,000, mchoro huo si wetu hata ukiwa mzuri namna gani. Ni bora kulijua hilo kwenye karatasi kuliko kulijua tukiwa na mzigo wa mia tatu ghalani.

Hatua tano na milango minne

Mpango ninaoupendekeza una hatua tano, na kati ya hatua na hatua kuna mlango. Mlangoni tunasimama, tunaangalia matokeo, na tunaamua moja kati ya matatu: kuendelea, kurudi kurekebisha, au kusitisha. Fedha ya hatua inayofuata haitoki benki mpaka mlango umefunguliwa.

Hatua ya kwanza ni kutazama na kuuliza. Miezi miwili. Vijana wawili, wa kike na wa kiume, wakae kwenye majiko ya Kilindoni, Kirongwe, Utende na Jibondo, wahesabu nazi zinazokunwa kwa siku, nani anakuna, saa ngapi, na nini kinamuudhi. Nasema watazame kwanza na kuuliza baadaye, kwa sababu mgeni akiuliza tu, ataambiwa kila kitu ni kizuri.

Hatua ya pili ni mifano ya majaribio. Miezi mitatu. Tutengeneze mitatu ya aina tofauti, hata kama ni ya kuchomelea na haina rangi. Wa kuzungusha kwa mkono kama kinu cha nyama, wa kuegemea mezani, na wa tatu uwe mbuzi yetu ya zamani iliyoinuliwa tu na kutiwa chuma kizuri. Huu wa tatu msiudharau. Huenda ndio ukashinda. Kwa ushauri tunaweza kuwaendea SIDO, shirika ambalo tangu 1973 kazi yake ni kuhudumia viwanda vidogo, na TEMDO ya Arusha kwa usanifu wa mitambo.

Hatua ya tatu ni majaribio ya jikoni, na ndiyo roho ya mradi. Miezi minne, na ndani yake lazima uwemo mwezi wa Ramadhani, kwa kuwa futari ndiyo itakayoonyesha chombo kikifanya kazi kila siku bila kupumzika. Pia lazima tupate shughuli kubwa angalau mbili. Mifano itolewe kwa nyumba, ikae. Baada ya wiki mbili, watu wetu wapite bila taarifa. Wasiulize kama chombo ni kizuri. Waangalie kiko wapi. Kama kimeloa na kina chicha, kinatumika. Kama kimening'inizwa ukutani kinang'aa na mbuzi ya zamani imerudi sakafuni, hiyo ndiyo ripoti, hata kama mwenyeji atatusifu kwa adabu. Tuandike kila aliyejikata, kila kilicholegea, na nazi ngapi zimekunwa kabla meno hayajawa butu.

Hatua ya nne ni toleo dogo. Tutengeneze 30, kwa mafundi watakaotengeneza siku zote, kwa vifaa vya kushikilia chuma ili kila kipande kitoke sawa na mwenzake. Kutengeneza kimoja kizuri ni ufundi. Kutengeneza 30 zinazofanana ni kazi nyingine kabisa. Hizi ziuzwe. Zisigawiwe bure, kwa maana cha bure hakitupi habari ya bei. Hapa ndipo tutakapolipeleka suala la viwango kwa TBS, na jina na hataza kwa BRELA, kama kutakuwa na kitu kipya cha kulindwa.

Hatua ya tano ndiyo karakana. Wakati huo tutajua tunahitaji mashine gani na ukubwa gani wa banda. Leo tungejenga kwa kubahatisha.

Kuhusu ratiba, kuna kazi zinazosubiriana na kuna zisizosubiriana. Chuma cha stenlesi kinanunuliwa Dar es Salaam, kinapita Nyamisati, kinavuka kwa chombo, na bahari haifuati kalenda yetu. Kwa hiyo chuma cha hatua ya pili kiagizwe wakati hatua ya kwanza bado inaendelea. Lakini chuma cha zile 30 kisiagizwe kabla majaribio hayajaisha, maana unene wake bado hatujui. Mratibu wa mradi awe na karatasi ukutani inayoonyesha kipi kinasubiri nini. Atakayechelewesha kazi inayobeba nyingine aonekane mapema.

Na nani atasimama mlangoni? Napendekeza watu saba, wanne wakiwa akina mama wapishi kutoka nyumbani, mmoja mhasibu, mmoja fundi ambaye hakuhusika na ubunifu, na mmoja kutoka kamati hii. Wapishi wakisema hapana, ni hapana.

Maswali niliyoulizwa

Nimeulizwa na vijana: kwa nini tusinunue za nje? India kwa mfano wana vikunio vya kuzungusha kwa mkono vinavyong'ang'ania mezani kwa mpira. Jibu langu ni kwamba tununue viwili, viingie kwenye majaribio pamoja na vya kwetu. Vikishinda kwa bei na kwa kazi, mradi wetu ugeuke kuwa wa kuviingiza na kuvitengeneza vikiharibika. Lengo ni kupumzisha mgongo wa mama, na ajira ya vijana ipatikane kwa kitu kinachouzika kweli.

Nimeulizwa na mzee mmoja: siku hizi si kuna tui la kopo na la unga, mbuzi ya nini? Swali zuri. Huyo ndiye mshindani wetu mkubwa hapa mjini. Lakini nyumbani nazi imeanguka uani, haina bei ya duka. Kule kopo ni gharama, hapa kukuna ni gharama. Hatua ya kwanza itatuonyesha kama soko letu ni kisiwani au ni mjini pia, na tusilikadirie leo kwa kupenda.

Na nimeulizwa swali gumu kuliko yote: kama mlangoni tutaambiwa tusitishe, si tutakuwa tumepoteza fedha za watu? Tutakuwa tumetumia fedha ya hatua moja au mbili, tumejua ukweli, na fedha iliyobaki ipo benki kwa kazi nyingine mtakayoichagua. Mnaweza kuilinganisha na jengo lililofungwa kufuli lenye mashine zinazoliwa na chumvi. Mtu akipita hapo, hata mradi wa kisima au wa shule ukija baadaye, hatatoa. Chama kama chetu mtaji wake mkubwa ni imani ya wanaochangia, na imani hiyo hainunuliwi tena kwa harambee moja.

Ombi langu

Ndugu zangu, katika karatasi ya ahadi mliyopewa kuna safu mbili. Safu ya kwanza ni ya hatua ya kwanza hadi ya tatu. Hiyo naomba ijazwe leo, na naomba itolewe taslimu au kwa simu kabla hatujaondoka, kwa sababu tukiikosa Ramadhani ijayo tumepoteza mwaka mzima. Safu ya pili ni ya toleo dogo na karakana. Hiyo andikeni ahadi tu. Msitoe hata shilingi mpaka watu saba wamefungua mlango wa tatu, na ripoti ya majaribio, yenye mazuri na mabaya yake, imesomwa mbele yenu.

Msio na fedha mnacho cha kutoa. Mwenye jiko nyumbani atuazime jiko. Mwenye shamba atoe nazi za majaribio. Mwenye chombo kinachovuka atubebee chuma. Fundi mwenye Jumamosi mbili atupe Jumamosi mbili. Na mama aliyekuna nazi miaka arobaini atupe saa moja ya kutukosoa bila kutuonea haya. Tutaiandika kwenye hesabu kama mchango.

Taarifa ya mapato na matumizi ya kila hatua itabandikwa Kilindoni na kutumwa kwa kila mwanachama kabla ya mlango kufunguliwa. Nami niko tayari kujibu maswali.